Maneno Yaliyobaki

Mama yangu anawaambia wenzake sokoni kwamba kazi yangu ni kuzungumza. "Anatoka asubuhi, anazungumza na watu, jioni anarudi anasema amechoka," anasema, na wale mama wauza ndizi wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nimejaribu kumweleza mara nyingi. Nilipokuwa nafunga mizigo kwenda Kinshasa kusomea kazi hii, aliniuliza mbele ya ndugu wote, "Unaenda kusoma kusema? Na ile yote uliyokuwa unasema tangu utoto, njo ilikuwa nini?"

Kwa Kifaransa inaitwa logopedi. Watu wa Kindu wameona jina hilo ni refu bila sababu, wakaamua kuniita mwalimu wa kinywa. Ninafanya kazi na watu ambao ubongo wao umepata pigo: aliyeanguka na pikipiki, aliyeangukiwa na mti akifyeka shamba upande wa Kailo, aliyelala mzima akaamka nusu ya mwili haimsikii. Mara nyingi mtu huyo anajua vizuri sana anachotaka kusema. Anakutazama usoni, neno analijua, lakini neno haliji. Au linakuja jingine ambalo hakuliita. Hapo ndipo tunapoanza, mimi na yeye, kutafuta njia ya kuzunguka.

Wanaume wawili watatu wamekwisha kuja kuniuliza kama ninayo pia dawa ya kupunguza maneno, wakinionyesha wake zao kwa kidevu. Niliwajibu kwamba hiyo ni ofisi nyingine.

Wa kwanza kunifundisha kazi hii alikuwa mgonjwa, tena kabla sijajua kwamba kazi kama hii iko duniani. Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa muuguzi kijana, nimetoka shule ya uuguzi si zamani. Mji ulikuwa umefungwa. Gari la moshi halikuja tena kutoka kusini, barabara za kutoka mjini zilikuwa na watu wenye bunduki, na hata mashamba ya karibu watu waliogopa kuyaendea. Tulikula sombe, majani ya muhogo, asubuhi na jioni mpaka tukataniana kwamba tutaota mizizi. Chumvi tuliizungumza kama watu wanavyozungumza juu ya ndugu aliyehamia Ulaya. Lakini hospitali ilifanya kazi, na sisi wauguzi tulikuwa vijana, na kicheko chetu hakuna aliyekuja kutunyang'anya.

Mtu huyo alikuwa mpaza sauti wa gare, kituo chetu cha gari la moshi. Kabla ya vita, gari lilipokuwa tayari kuondoka, yeye ndiye aliyesimama kando ya mabehewa na kutaja vituo vyote, kuanzia Kindu kwenda kusini. Hakuhitaji chombo chochote cha kuikuza sauti yake. Nyumba yetu haikuwa mbali na reli, na sisi watoto tulimwiga katika michezo yetu: tulishikana viuno tukawa mabehewa, na mmoja wetu alivimbisha kifua na kuita vituo. Mara nyingi huyo mmoja alikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na sauti mbaya zaidi kuliko wote.

Vita ilipokuja na gari likaacha kufika, mzee huyo aliendelea kwenda gare kila asubuhi. Alivaa kofia yake ya kazi, akafagia, akaongea na walinzi, akarudi nyumbani kula. Siku moja ya soko risasi zililia upande wa mto, na watu wakakimbia kila mahali. Yeye alikuwa anavuka reli. Umati ulimsukuma, akaanguka, kichwa kikagonga chuma upande wa kushoto. Majirani walimleta kwetu juu ya baiskeli, mmoja akisukuma, wengine wakimshika huku na huku kama gunia la mpunga.

Siku kadhaa hakuamka. Bibi yake wa ndoa, mama mfupi mwenye mikono mikubwa ya kukanda unga, alikaa kando ya kitanda akimsemesha wakati wote kana kwamba anamjibu. Alimweleza bei ya mafuta ya mawese, nani amegombana na nani, kuku yupi ameacha kutaga. Asubuhi moja, katikati ya habari ya kuku, mume alifumbua macho, akamtazama mkewe kwa muda, akasema:

"Bileti."

"Unasema nini, baba?"

"Bileti," akarudia kwa upole, machozi yakimtoka.

Tangu hapo hilo, jina la tiketi ya gari, ndilo lilikuwa neno lake, na hakuwa na lingine. Akiwa na kiu alisema bileti. Daktari alipomgusa mahali panapouma alipiga kelele bileti. Nilipomtengenezea mto vizuri alinishukuru kwa bileti laini kabisa, mpaka ukasikia "ahsante mwanangu" ndani yake. Sauti ilipanda na kushuka kama ya mtu anayezungumza kweli. Lakini maneno yote yalikuwa yameondoka, na yeye alijua. Alipoona hatumwelewi, alipiga godoro kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa umelegea, na kugeukia ukuta.

Majirani walianza kunong'ona. Mmoja alisema ni ulozi, mwingine alijua muganga fulani upande wa pili wa mto. Bibi yake alinivuta kando ya mlango.

"Mwanangu, niambie bila kunificha. Bwana yangu amekuwa wazimu?"

"Hapana, mama. Mwangalie macho. Anajua kila kitu."

"Basi maneno yake yameenda wapi?"

Swali hilo nililipeleka kwa daktari wetu. Alikuwa mtu mrefu, mzaliwa wa Punia, anayetembea ameinama kwa uchovu. Aliketi kando ya kitanda na kutueleza sisi wote wawili, mimi na mama, kwa lugha rahisi. Alisema upande wa kichwa ulioumia njo unaotengeneza maneno. "Lakini iko maneno ambayo muntu hayatengenezi. Yanakuja yenyewe kwa sababu ameyasema maisha yote: kuhesabu, sala, nyimbo. Hayo mara nyingi yanabaki. Mimi sina wakati, iko majeruhi wengi. Wewe una masikio. Jaribu."

Nilijaribu. Nilianza kuhesabu, moja, mbili, nikanyamaza, na yeye akaendelea tatu, nne, tano, akashtuka mwenyewe. Bibi yake alianza sala ya Waislamu waliyozoea kuisali nyumbani, na mume akaimaliza bila kukosea. Tulifurahi, lakini mwisho wa sala alijaribu kusema kitu kwa mkewe, na kikatoka bileti.

Kisha ikanijia fikra ambayo ingemjia yeyote aliyecheza karibu na reli. Nilisimama katikati ya wodi, nikavimbisha kifua, nikaita kwa ile sauti yangu mbaya:

"Kinduuu! Kibombooo!"

Mzee aliketi. Hakuna aliyemsaidia kuketi. Akafungua kinywa, na ile sauti ambayo mji ulikuwa umeikosa tangu mwanzo wa vita ikatoka yote nzima: "Sambaaa! Kongolooo! Kabalooo!"

Wodi ililipuka. Mgonjwa mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta alipiga kelele, "Ningojeni, sijapanda!" Mama mmoja akadai kiti cha dirishani. Wanajeshi waliokuwa langoni walikuja mbio kuuliza kuna nini, na walipoambiwa kwamba gari la moshi limefika, mmoja wao, kijana wa mbali, aligeuka kweli kutazama upande wa gare. Mzee alicheka. Upande mmoja wa uso wake haukucheka sawasawa, lakini alicheka, na bibi yake alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kitenge.

Kuanzia siku ile tulipanda gari hilo kila asubuhi. Mimi nilianza, yeye alifuata, kisha nikaanza kumsimamisha njiani. "Kindu, Kibombo... mama huyu amezaliwa wapi?" Alitafuta, akatoa jasho, akarudi mwanzo: Kindu, Kibombo, "Samba!" Na kweli mama alikuwa mtu wa Samba. Hilo lilikuwa jibu lake la kwanza tangu aanguke, neno alilolichagua mwenyewe. Mama alishika kichwa cha mumewe kwa mikono yote miwili na kumwambia, "Ulikuja kunichukua kule, hukusahau."

Baadaye vituo vikawa lugha ya nyumbani kwao. Kongolo ilikuwa samaki, kwa kuwa gari liliposimama Kongolo abiria walinunua samaki. Kibombo ilikuwa wali, kwa ajili ya mchele wa kule. Kabalo ilikuwa mbali sana, na kwa hiyo ilimaanisha amechoka, hataki tena, watu waondoke. Nilipopita kwao jioni kumfanyisha mazoezi, bibi alinipokea mlangoni na kuniambia, "Leo usikae sana, tangu saa tisa amefika Kabalo."

Maneno ya kweli yalikuja polepole, moja moja, na kila moja kwa jasho. Maji. Mlango. Jina la mkewe, siku moja, kwa sauti ya chini, alipodhani hakuna anayesikia. Lakini sentensi yake ya kwanza ilitoka mezani. Bibi alikuwa amempakulia sombe, ile ya wakati wa vita. Mzee akaonja, akaweka chini mkono, akakunja uso kwa kutafuta, na akasema:

"Sombe... haina... chumvi."

Mama alitoka nje ya nyumba na mwiko mkononi akipiga vigelegele. Mtaa mzima ukatoka kuona. "Amelalamika!" akapiga kelele. "Jamani, bwana yangu amelalamika chakula!" Nilifika nikakuta anacheza katikati ya njia na majirani wanapiga makofi, na mzee ameketi mlangoni na sahani yake, akiwa bado anangoja chumvi. Jirani mmoja alikuwa na kidogo, aliyoificha ndani ya kopo kwa ajili ya jambo kubwa. Aliileta. Aliona hilo ndilo jambo kubwa.

Vita ilipotulia na gari likaanza kuja tena, kwa taratibu zake, mzee hakuweza kurudi kwenye kazi ile ya kuita. Vituo aliweza, lakini abiria huuliza maswali, na maswali yalimfunga. Wakamweka langoni kupokea tiketi. Alisimama pale na kofia yake, akinyoosha mkono wa kushoto kwa kila abiria na kusema neno lile ambalo hakuwahi kulipoteza. Aliniambia mwenyewe, na kuchukua muda wake kulisema, kwamba ni kazi nzuri: "Haina... makosa." Alifanya kazi hiyo mpaka uzee, akafariki kitandani kwake, na mkono wa mkewe mkononi mwake.

Mimi nilikwenda kusoma, nikarudi. Hospitali ilinipa chumba ambacho kilikuwa stoo ya magodoro. Nina meza, viti, kioo cha kuangalia midomo, na dirisha linaloona kipande cha mto. Wakati wa vita wagonjwa wangu wangekuwa watu wa risasi na mabomu. Sasa wengi ni watu wa pikipiki.

Mmoja wa watu hao wa pikipiki alikuwa fundi wa nguo, binti wa hapa Kindu, mchumba wa muuza mchele mmoja kutoka Tunda. Alikuwa ameketi nyuma, na kitambaa cha nguo yake mwenyewe ya harusi mapajani, wakati dereva alipokwepa mbuzi. Mbuzi alipona. Binti alikaa hospitalini muda mrefu, na alipotoka alitembea vizuri, alishona vizuri, vidole vyake havikusahau kitu. Lakini maneno yalikuwa yamechanganyika, na yaliyochanganyika zaidi ni mawili madogo. Alipotaka kusema ndiyo, alisema hapana.

"Unataka chai?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Hapana," akasema, akachukua kikombe na kunywa.

Tulitazamana. Alijisikia mwenyewe, akatikisa kichwa kwa hasira, akajaribu tena. "Hapana. Hapana! Ha..." Akaziba kinywa kwa mkono. Mchumba wake, aliyekuwa ameketi kando na kofia magotini, alisema kwa mwendo wake wa polepole, "Mwalimu, kwa mimi haina shida. Namusikia. Lakini ku komini watamuuliza, na anapashwa kuitika kwa kinywa."

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mahari ilikwisha kutolewa, jamaa walikuwa tayari, lakini harusi ya serikali, ile ya ofisi ya komini, inataka bibi harusi aitikie kwa sauti. Na shangazi wa bwana harusi, mama mkubwa wa kifua na wa maneno, alikuwa amekwisha kuuliza mbele ya watu: "Tunaleta nyumbani bibi asiyejua hata kukubali?"

Nilianza kwa kupambana na lile ndiyo, na halikukubali. Kila tulipolisogelea, hapana iliruka mbele yake kama mtu asiyependa kupanga foleni. Binti alikasirika, siku moja alilia na kutupa kitambaa chake chini, akafanya ishara kwamba haji tena. Kesho yake alikuja. Mchumba alikuwa amemleta kwa miguu, taratibu, wakipita njia ya mtoni ili apoe.

Siku hiyo niliacha ndiyo kabisa. Nilichukua mkono wake wa kushoto na kuugongesha mezani, pigo kwa kila kipande, nikiimba kidogo: ni-na-ku-ba-li. Yeye alikuwa mtu wa cherehani, mapigo ya mguu na mkono alikuwa nayo mwilini. Kwanza alifuata mapigo bila sauti. Kisha akavumisha. Kisha midomo ikaanza. Ilikuwa sentensi nzima, ndefu kuliko ndiyo, na bado ilikuwa nyepesi kwake, kwa kuwa ilikuja ikipanda juu ya wimbo. Mchumba naye aligonga goti lake. Tulikuwa kama kikundi cha ngoma, na muuguzi wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama tunafanya sherehe bila yeye.

Nilikwenda pia komini kumweleza afisa wa ndoa. Alinisikiliza vizuri, akasema atauliza polepole, lakini sheria ni sheria, lazima jibu lisikike.

Siku ilipofika chumba kilijaa. Binti alikuwa amevaa nguo aliyoishona mwenyewe kwa kile kitambaa kilichoanguka naye, na ukitazama vizuri uliona mahali alipounga pale kilipochanika. Afisa alimuuliza bwana harusi, akajibu ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kisha akamgeukia bibi harusi na kumuuliza, polepole mno, kama mtu anayevuka ubao mwembamba.

"Hapana," akasema bibi harusi.

Mimi nilijikuta nimeshika kiti cha mbele yangu. "Si nilisema!" ikasikika sauti ya shangazi.

Bwana harusi hakushtuka. "Baba, ngoja kidogo," akamwambia afisa. "Ile hapana yake mimi naijua."

"Nasikia, mwanangu. Lakini sheria haiijui."

Nilitegemea binti atalia. Badala yake mabega yalianza kutetemeka, na nikaona anacheka. Alicheka kwa nguvu, akimtazama mchumba wake, na mchumba akacheka, na kicheko hicho kiliulegeza uso wake wote. Akaweka mkono wa kushoto juu ya meza ya afisa, kando ya muhuri, akagonga:

"Ni-na-ku-ba-li."

Kabla vigelegele havijaanza, aliinua mkono kuwazuia. Hakuwa amemaliza. Alimwonyesha bwana harusi kwa kidole. "Huyu," akasema. Kisha akatafuta kwa macho katikati ya watu, akampata aliyemtaka. "Na... shangazi pia."

Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Shangazi alisimama, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu. Kisha kilitoka kigelegele kimoja kirefu ambacho kilimfanya afisa aangushe kalamu. Alipita katikati ya viti akiwasukuma watu, akamkumbatia bibi harusi huku akilia, na kuwaambia walio karibu kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa upande wa mtoto huyu.

Tulivuka mto kwenda kula upande wa pili, kwa kuwa jamaa walikuwa na uwanja mkubwa kule. Nilikula wali na samaki mpaka nikashindwa kuinama. Watu walimjia bibi harusi mmoja mmoja kumuuliza maswali ya ndiyo, kwa makusudi, na yeye aliwajibu hapana, hapana, hapana, akifurahi kuliko wote.

Wiki iliyofuata walirudi kwangu, yeye na mumewe. Nilidhani wamekuja kushukuru. Yeye alitoa kwenye mfuko futi yake ya kupimia, akaiweka mezani, akaigonga kwa kidole. Mumewe akaeleza: wateja wanakuja, na yeye hawezi kuwatajia vipimo, anabaki kuonyesha tu. Anataka maneno ya kazi.

Basi nilisimama katikati ya chumba, nikanyoosha mikono, na yeye akaanza kunipima, akitaja kila sehemu anapofika. Bega lilikuja upesi. Mkono pia. Kifua alikizunguka mara mbili, akakipata. Alipofika kiunoni alivuta futi, akasoma, akafikiri sana, akasema, "Sufuria."

Mumewe aliinamisha kichwa asicheke. Nilimwambia kwamba baada ya wali wa harusi yao hajakosea mbali, na tukaanza tena kutoka begani.